Tiba ya Mazungumzo na Kipimo Chake: Taaluma ya Magonjwa ya Akili Katikati ya Karne ya 20

Taaluma ya magonjwa ya akili husimama juu ya mafiga matatu: tiba anayopewa mgonjwa, mafunzo anayopewa daktari, na utafiti unaochunguza kama tiba hiyo inafaa. Kati ya mwaka 1940 na 1965, nchini Marekani na Uingereza, mafiga hayo hayakuwa na kimo kimoja. Mafunzo yalipanuka kwa kasi na tiba ya mazungumzo ikapata heshima ambayo haikuwahi kuwa nayo, lakini utafiti wa kupima matokeo yake ulibaki nyuma. Mengi yaliyofanikiwa katika kipindi hicho, na mengi yaliyoharibika, yanaelezeka kwa tofauti hiyo ya kimo.

Hospitali na tiba za mwili

Katika miaka ya 1930 mgonjwa wa akili aliyezidiwa alipelekwa kwenye hospitali kubwa ya serikali, mara nyingi iliyojengwa mbali na mji, na wengi waliolazwa huko walizeekea humo. Nchini Marekani idadi ya waliolazwa katika hospitali za majimbo iliendelea kupanda mpaka ikafika takriban 559,000 mwaka 1955. Wadi zilijaa kupita uwezo wake, na daktari mmoja aliweza kubeba dhamana ya mamia ya wagonjwa. Katika mazingira hayo, daktari kukaa na mgonjwa mmoja saa nzima na kumsikiliza ilikuwa anasa.

Pengo hilo lilijazwa na tiba za mwili. Mwaka 1933, mjini Vienna, Manfred Sakel alitangaza njia ya kumzimisha mgonjwa kwa insulini. Mwaka 1934 Ladislas Meduna wa Budapest alianza kusababisha degedege kwa dawa, na mwaka 1938 Ugo Cerletti na Lucio Bini wa Roma walifanya hivyo kwa umeme. Mwaka 1935 Egas Moniz wa Lisbon alisimamia upasuaji wa kwanza wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata Walter Freeman na James Watts waliuanzisha Marekani, na mwaka 1949 Moniz akapewa Tuzo ya Nobel. Tiba zote hizo zilienea kwa ushuhuda wa waliozibuni, kabla ya kulinganishwa na tiba nyingine yoyote. Miongoni mwake, ya umeme pekee ndiyo iliyodumu kama tiba ya kawaida, hasa kwa sonona kali.

Uhamisho na vita

Kabla ya 1933 kitovu cha taaluma hii kilikuwa katika nchi zinazosema Kijerumani. Emil Kraepelin alikuwa ameanzisha taasisi ya utafiti mjini Munich mwaka 1917, na Berlin ilikuwa na taasisi ya mafunzo ya uchanganuzi nafsi, tiba ya mazungumzo iliyoasisiwa na Sigmund Freud, tangu 1920. Utawala wa Hitler uliwafukuza wataalamu Wayahudi na wote waliopinga siasa zake. Miongoni mwa madaktari waliobaki, baadhi walishiriki katika mpango wa serikali ulioua zaidi ya wagonjwa na walemavu 70,000 kati ya 1940 na Agosti 1941. Freud alihamia London mwaka 1938, akafariki huko mwaka uliofuata. Binti yake Anna alibaki London. Erich Fromm na Frieda Fromm-Reichmann waliishia Marekani, ambako Karen Horney na Franz Alexander walikuwa wamewatangulia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoipa taaluma hiyo nafasi serikalini. Jeshi la Marekani lilikataa zaidi ya vijana milioni moja kwa sababu za kiakili au kihisia, na bado maelfu ya waliokubaliwa waliporomoka vitani. Madaktari waligundua kuwa askari aliyetibiwa mapema, karibu na kikosi chake, alipona haraka kuliko aliyerudishwa nyumbani. Wengi walilielewa jambo hilo kuwa ushahidi kwamba mazingira huweza kumvunja mtu yeyote, na kwamba maneno na mapumziko huweza kumrejesha.

Nchini Uingereza, katika hospitali ya kijeshi ya Northfield karibu na Birmingham, upungufu wa madaktari uliwasukuma Wilfred Bion, John Rickman na S. H. Foulkes kuwatibu askari kwa vikundi. Jaribio la kwanza la Bion lilidumu wiki sita tu kabla halijasimamishwa, lakini mbegu ilikuwa imeota. Thomas Main, aliyefanya kazi hapohapo baadaye, ndiye aliyelipa jina wazo la hospitali kuwa jumuiya inayotibu, ambamo wagonjwa wenyewe hushiriki katika uponyaji wa wenzao.

Serikali zafungua mkoba

Mwaka 1946 jarida la Life lilichapisha picha za wagonjwa walio uchi na waliosongamana katika hospitali za majimbo, na mwaka 1948 mwandishi Albert Deutsch alitoa kitabu kilichozianika hospitali hizo moja baada ya nyingine. Sehemu ya taarifa hizo ilitoka kwa vijana waliokataa kupigana kwa sababu za dhamiri, wakapangiwa kazi ya uhudumu katika wadi. Julai 1946 Rais Harry Truman alitia saini Sheria ya Taifa ya Afya ya Akili. Sheria hiyo ilitenga fedha za utafiti, mafunzo na huduma, na mwaka 1949 ikazaa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili chini ya Robert Felix. Kwa mara ya kwanza serikali kuu ya Marekani iliwasomesha madaktari wa akili kwa wingi, na kila jimbo likahitaji watu wa kuwafundisha.

Mafunzo

Mfano uliotawala ulitoka Berlin. Max Eitingon alikuwa amepanga mafunzo ya mchanganuzi nafsi katika sehemu tatu: mwanafunzi mwenyewe achanganuliwe, ahudhurie masomo ya nadharia, kisha atibu wagonjwa chini ya usimamizi wa mkongwe. Hoja ya sehemu ya kwanza ilikuwa kwamba asiyejua mafundo ya nafsi yake hawezi kuyafungua ya mwenzake. Mpango huo ulileta nidhamu na unyenyekevu. Wakati huohuo uliweka mamlaka makubwa mikononi mwa wachache, kwa kuwa mwalimu aliyejua siri za mwanafunzi aliweza pia kuwa na kauli juu ya kufuzu kwake. Kutokubaliana na nadharia kuliweza kuhesabiwa kuwa dalili ya tatizo ambalo mwanafunzi bado hajalitatua.

Mjini Topeka, Kansas, ndugu Karl na William Menninger walifungua chuo mwaka 1946 wakishirikiana na hospitali ya askari waliorejea vitani. Madaktari wapatao 100 waliingia katika darasa la kwanza. Walifundishwa kumwona mgonjwa kama mtu mwenye historia, familia na migongano ya ndani, badala ya kumtafutia jina la ugonjwa na kumpangia wadi. Mtazamo huo ulionekana hata katika mwongozo wa kwanza wa Marekani wa kuainisha magonjwa ya akili, uliotoka mwaka 1952. Humo magonjwa mengi yaliitwa miitikio, yaani namna nafsi inavyojibu maisha, kwa kufuata fikra za daktari wa akili Adolf Meyer.

London ilifuata njia nyingine. Katika Hospitali ya Maudsley, Aubrey Lewis, profesa kuanzia 1946 hadi 1966, aliwalea wanafunzi wake katika shaka. Kila dai lililetwa mezani likaulizwa ushahidi wake, na mwanafunzi aliyejenga hoja juu ya jina kubwa alirudishwa akatafute takwimu. Taasisi ya Saikiatria iliyoundwa hapo mwaka 1948 iliweka takwimu na uchunguzi wa magonjwa katika jamii ndani ya mafunzo ya kawaida. Katika kliniki ya Tavistock, mjini humohumo, Michael Balint alianza kuwakusanya madaktari wa kawaida kila wiki ili wajadili wagonjwa waliowasumbua. Kitabu chake cha mwaka 1957 kilifundisha kwamba daktari mwenyewe ni sehemu ya dawa anayoitoa, na kwamba dawa hiyo nayo ina kipimo na madhara yake.

Suala la nani aruhusiwe kutibu lilizua mvutano mkubwa. Freud aliamini kwamba mchanganuzi si lazima awe daktari, lakini chama cha wachanganuzi cha Marekani kiliamua mwaka 1938 kuwafundisha madaktari pekee. Wanasaikolojia walipata mlango mwingine. Hospitali za askari waliorejea vitani ziliwahitaji, na mwaka 1949 mkutano wa Boulder, Colorado, ulikubaliana kwamba mwanasaikolojia wa tiba afundishwe utafiti na utabibu kwa pamoja. Uamuzi huo ulizaa kizazi cha watu walioingia chumba cha tiba wakiwa na mazoea ya maabara, na katika kizazi hicho ndimo walimotoka wengi wa waliokuja kuipima tiba ya mazungumzo.

Tiba ilivyofanywa na waliofikiwa nayo

Katika uchanganuzi nafsi kamili mgonjwa alilala kwenye kochi mara nne au tano kwa wiki, kwa miaka, akisema kila linalomjia. Mchanganuzi alikaa nyuma yake, akasikiliza, akafasiri, hasa pale mgonjwa alipomhamishia yeye hisia za tangu utotoni kwa wazazi wake. Alexander na Thomas French wa Chicago walipendekeza mwaka 1946 kwamba tiba iweze kuwa fupi zaidi, na kwamba kinachoponya ni mgonjwa kuonja upya hali iliyomwumiza, safari hii mbele ya mtu anayemjibu vinginevyo. Katika hospitali binafsi ya Chestnut Lodge, Maryland, Fromm-Reichmann alithubutu kuwatibu kwa mazungumzo hata wagonjwa wa skizofrenia, ambao Freud aliwaona hawafikiki kwa njia hiyo.

Carl Rogers, mwanasaikolojia, aliondoa kochi na ufasiri. Alishikilia kwamba mtu hukua anaposikilizwa kwa moyo safi, bila kuhukumiwa wala kuelekezwa. Mchango wake mkubwa zaidi ulikuwa kifaa: alirekodi mazungumzo ya tiba kwa sauti, na katika kitabu chake cha 1942 akachapisha neno kwa neno mfululizo mzima wa vikao vya mteja mmoja. Hadi wakati huo kilichopita kati ya tabibu na mgonjwa kilijulikana kwa kumbukumbu ya tabibu tu. Sasa mtu wa tatu aliweza kusikiliza, kuhesabu na kubisha.

Tiba hizo hazikuwafikia watu kwa usawa. August Hollingshead na Fredrick Redlich waliwahesabu wakazi wa New Haven, Connecticut, waliokuwa wakitibiwa mwaka 1950, karibu watu 1,900, wakawapanga kwa tabaka la kijamii. Kitabu chao cha 1958 kilionyesha kwamba wenye mali na elimu ndio waliopata tiba ya mazungumzo kwa wingi, huku maskini wakipewa umeme, dawa au kitanda cha hospitali ya jimbo tu. Tofauti hiyo haikutokana na fedha peke yake. Daktari aliyefunzwa kuthamini ufasaha wa maneno alimchagua mgonjwa anayezungumza kama yeye, na hakujitambua kwamba anachagua.

Utafiti usio na kipimo, na ulio nacho

Kwa muda mrefu utafiti wa tiba ya mazungumzo ulikuwa simulizi la mgonjwa mmoja. Simulizi la namna hiyo linaweza kuibua wazo zuri, lakini haliwezi kuthibitisha kwamba mgonjwa asingepona bila tiba. Udhaifu huo ulileta hasara halisi. Nadharia kwamba skizofrenia husababishwa na malezi ya mama baridi ilienea bila kulinganisha familia hizo na nyingine, na maelfu ya wazazi wakabebeshwa hatia isiyo yao.

Afrika Mashariki ilishuhudia sura mbaya zaidi ya kasoro hiyo. J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya kikoloni ripoti iliyoieleza vita ya Mau Mau kwa saikolojia ya Wakikuyu, na kwa kufanya hivyo suala la ardhi likafunikwa. Maoni ya utawala yalivishwa joho la sayansi. Mnigeria Thomas Adeoye Lambo, aliyesomea London, alijibu kwa kazi. Kuanzia 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, aliwaweka wagonjwa katika vijiji pamoja na ndugu zao, akashirikiana na waganga wa jadi, akaonyesha kwamba mgonjwa hahitaji kung'olewa katika jamii yake ili atibiwe.

Afrika Mashariki hiyohiyo ilizaa pia mojawapo ya tafiti bora za enzi hiyo. John Bowlby wa Tavistock alikuwa ameliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti ya 1951 iliyodai kwamba mtoto mchanga akikosa uhusiano wa karibu na wa kudumu na mlezi wake, akili yake hudhurika. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi naye, alihamia Kampala mwaka 1954. Alizitembelea familia 26 za Kiganda zenye watoto wachanga 28 katika vijiji jirani, akirudi kila baada ya wiki mbili hivi kwa miezi kadhaa. Aliandika nani alilia mama alipoondoka, nani alimfuata, nani alichezea mbali naye kwa utulivu kisha akarejea. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1967, na elimu ya leo kuhusu mshikamano wa mtoto na mlezi ilianzia kwa sehemu kubwa katika nyua hizo. Carothers alikuwa ameanza na hitimisho. Ainsworth alianza kwa kutazama, na alichokiona kilimlazimu kurekebisha fikra alizokuja nazo.

Swali la msingi, kama tiba ya mazungumzo inafaa kweli, liliulizwa wazi mwaka 1952. Hans Eysenck, mwanasaikolojia wa Maudsley, alikusanya tafiti 24 zenye wagonjwa zaidi ya 7,000 waliokuwa na wasiwasi na matatizo kama hayo. Alihesabu kwamba waliopata nafuu kwa uchanganuzi nafsi walikuwa asilimia 44 na kwa tiba mchanganyiko asilimia 64, ilhali kati ya waliohudumiwa na madaktari wa kawaida au kulazwa tu, asilimia 72 walipata nafuu. Wakosoaji walionyesha haraka kwamba makundi hayo hayakulingana, na kwamba kila mtafiti alikuwa na maana yake ya kupona. Walikuwa na haki. Hata hivyo kutolingana huko kulithibitisha jambo moja: baada ya nusu karne ya tiba ya mazungumzo, hakukuwa na jaribio hata moja lililopangwa vizuri kiasi cha kumjibu.

Rogers na wenzake wa Chicago walikuwa tayari wameanza. Utafiti wao wa 1954 uliwaweka baadhi ya wateja katika orodha ya kusubiri kwa siku 60 kabla ya tiba, ili mabadiliko ya wakati wa kusubiri yalinganishwe na ya wakati wa tiba. Mpango huo ulikuwa na mapungufu, lakini uliingiza katika tiba ya mazungumzo wazo ambalo utafiti wa kifua kikuu wa 1948 uliofanyika Uingereza ulikuwa umelifanya kipimo cha tiba zote: hakuna anayejua nguvu ya tiba mpaka amwone asiyeipata.

Dawa zabadilisha swali

Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walitangaza kwamba klorpromazini huwatuliza wagonjwa wa skizofrenia na kupunguza sauti wanazozisikia. Ilifuatwa na imipramini, iliyogunduliwa na Roland Kuhn wa Uswisi kuwa inafaa kwa sonona, kwa taarifa ya 1957. Kabla yao, mwaka 1949, John Cade wa Australia alikuwa ameonyesha uwezo wa lithiamu kwa wagonjwa wenye msisimko uliopindukia.

Pamoja na dawa zilikuja mbinu za kuzijaribu. Katika jaribio lililopangwa vizuri wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, wengine hupewa kidonge kisicho na dawa, na si mgonjwa wala daktari anayejua nani kapewa kipi. Mwaka 1957 kipimo cha aina hiyo kiliigeukia insulini. Brian Ackner na wenzake wa London waliwazimisha wagonjwa wengine kwa insulini na wengine kwa dawa ya usingizi, wakiwapa wote uangalizi uleule. Matokeo hayakutofautiana. Kwa zaidi ya miaka 20 wagonjwa walikuwa wamehatarishiwa maisha kwa tiba ambayo faida yake, kama ilikuwepo, ilitokana na uangalizi.

Mahali ambapo kipimo na ridhaa vilikosekana kwa pamoja, madhara yalikuwa makubwa zaidi. Mjini Montreal, Ewen Cameron, aliyepata kuongoza chama cha madaktari wa akili cha Marekani, aliwapa wagonjwa umeme mfululizo na usingizi wa wiki nyingi ili kuufuta na kuujenga upya mwenendo wao. Sehemu ya kazi hiyo ililipiwa kwa siri na shirika la kijasusi la Marekani, CIA. Kanuni za Nuremberg za 1947 zilikuwa zimeshasema kwamba hakuna majaribio bila ridhaa ya mhusika, lakini hazikuwa zimeingia katika mafunzo ya madaktari.

Njia mpya za mazungumzo

Tiba ya mazungumzo nayo ilibadilika. Joseph Wolpe wa Afrika Kusini alikuwa ametibu askari wakati wa vita na kukatishwa tamaa na matokeo. Baada ya majaribio kwa paka mjini Johannesburg, alibuni njia ya kumfundisha mgonjwa kulegeza mwili, kisha kumsogeza hatua kwa hatua kwenye jambo analoliogopa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1958. Mwaka 1966 Gordon Paul alichapisha jaribio la Illinois lililoilinganisha njia hiyo na tiba ya kuchimbua sababu, kwa wanafunzi walioogopa kuhutubia. Njia ya Wolpe ilishinda.

Aaron Beck wa Philadelphia, aliyefunzwa uchanganuzi nafsi, alitaka kuthibitisha kwamba sonona ni hasira iliyogeuziwa ndani. Alipochambua ndoto za wagonjwa wake alikuta habari za kupoteza na kushindwa badala ya hasira. Aliufuata ushahidi, na katika miaka ya mwanzo ya 1960 akaanza kujenga tiba inayomfundisha mgonjwa kuzihoji fikra zake mwenyewe. Jerome Frank wa Baltimore, katika kitabu chake cha 1961, aliuliza swali tofauti: tabibu wa kisasa, mganga wa jadi na kiongozi wa dini wanafanana wapi? Alijibu kwamba wote humpa aliyevunjika moyo uhusiano wa kuaminika, maelezo yanayoingia akilini mwake, na la kufanya.

Kufikia katikati ya miaka ya 1960 mafiga matatu yalianza kukaribiana kimo. Sheria ya Uingereza ya 1959 na ya Marekani ya 1963 zilielekeza huduma kutoka hospitali kubwa kwenda kwenye jamii, na vitanda vikaanza kupungua, ingawa vituo vilivyoahidiwa havikujengwa vya kutosha na wagonjwa wengi waliachwa barabarani. Mwaka 1968 Philip May wa California alitoa matokeo ya wagonjwa 228 wa skizofrenia waliogawanywa katika tiba tano: dawa zilisaidia waziwazi, mazungumzo peke yake yaliongeza kidogo sana. Wakosoaji walikumbusha kwamba matabibu wengi katika jaribio hilo walikuwa bado wanafunzi. Hoja hiyo yenyewe ilionyesha kwamba ubora wa mafunzo ulikuwa umekuwa jambo la kupimwa.

Swali la Eysenck lilipata jibu zito mwaka 1977, Mary Smith na Gene Glass walipounganisha tafiti 375 na kukuta kwamba mtu wa wastani aliyepata tiba ya mazungumzo alikuwa na hali bora kuliko asilimia 75 ya wasioipata. Waliokuwa wakiitetea tangu miaka ya 1940 hawakuwa wamekosea kuamini kwamba kusikilizwa kunaponya. Walichokuwa wamekosa ni ushahidi, na kwa kukosa huko hawakuweza kutenganisha tiba iliyofaa na iliyodhuru, wala kumwambia mgonjwa ni ipi aliyopewa.